Mshale Haujui Wewe ni Mashoto

Wacha nianze na aibu yangu, ndio mkinicheka tumalizane nayo mapema.

Desemba iliyopita tulienda na mabinamu wangu kwa zile mahali za kubarizi nje ya Nairobi. Kuna farasi, kuna boti, kuna nyama choma ya bei ya kukuvunja moyo, na nyuma kabisa kuna kiwanja cha kupiga mishale. Mishale kumi kwa bei ya chapo nne. Binamu yangu mdogo akapiga, mbili zikaingia kwa ile duara ya njano katikati. Zamu yangu ikafika. Mimi ni mashoto wa kuzaliwa: naandika na kushoto, nakata sukuma na kushoto, na hata nikishtuka usiku natafuta simu na kushoto. Kwa hivyo nikashika upinde na mkono wa kulia, nikavuta uzi na ule mwingine.

Mshale wa kwanza ulianguka kabla sijauachilia. Wa pili ukagonga ubao wa upinde ukatoka kando kama nzi aliyepigwa na gazeti. Wa tatu siwezi kuwaambia ulienda wapi kwa sababu hakuna aliyeuona. Yule jamaa wa kiwanja, mtu mpole sana, akaniangalia kwa huruma akasema, "Kijana, shida si wewe. Hii mishale inazunguka ikiwa hewani, na manyoya yake yamewekwa ya kuzunguka kwa mkono wa kulia. Ya mashoto hutengenezwa tofauti. Badilisha mkono tu."

Nikasema sawa mwalimu. Nikabadilisha. Nikapiga vibaya zaidi, mabinamu wakarekodi video, na hiyo video iko kwa grupu ya familia mpaka leo.

Lakini ile sentensi haikunitoka. Kila mtu aliyekua akitumia kushoto hapa kwetu ameshawahi kuambiwa "badilisha mkono tu". Mimi niliambiwa nikiwa darasa la kwanza, na rula ilitumika kunisaidia kuelewa. Nimeambiwa nikisalimia wazee na nikipokea pesa kwa duka. Sasa kumbe hata hewa imekubaliana nao? Nilirudi nyumbani nikaanza kusoma, na nimesoma kwa miezi. Nachoandika hapa ndicho nilichokipata, na msimamo wangu nautoa mapema: yule jamaa alikosea, lakini alikosea kosa la zamani sana, na lina chembe ya ukweli ndani yake.

Tuanze na hiyo chembe. Chukua unyoya wa bawa la kuku au bata. Uangalie kwa makini, utaona haujanyooka, umejikunja kidogo. Unyoya wa bawa la kushoto umejikunja upande mmoja, wa bawa la kulia umejikunja upande wa pili, kama vile viatu vya mguu huu na ule. Ukigandisha manyoya matatu ya bawa la kulia kwenye mkia wa mshale, hewa ikiyapiga mshale utajizungusha kuelekea upande wa mishale ya saa, ukiutazama kutoka nyuma. (Ndio, kwa Kiswahili vile vijiti vya saa pia tunaviita mishale. Lugha yetu iliona haya mambo kitambo.) Ukitumia ya bawa la kushoto, mshale utazunguka kinyume. Ukichanganya ya pande zote mbili kwa mshale mmoja, hapo umeharibu kazi, manyoya yanavutana yenyewe kwa yenyewe na mshale unaanza kuyumba.

Kwa hivyo kushoto na kulia viko kweli ndani ya mshale. Swali ni kama vina uhusiano wowote na kushoto na kulia kwa mpigaji.

Mwaka wa 1991 watalii wawili walikuwa wakitembea kwa milima ya Alps, mpakani mwa Austria na Italia, wakakuta maiti imechomoza kwenye barafu. Watu walidhani ni mpanda milima wa juzi. Kumbe ni mtu wa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Wakamwita Ötzi. Alikuwa na upinde ambao hajamaliza kuuchonga na podo lenye mishale kumi na minne, miwili tu ikiwa tayari kwa kazi. Hiyo miwili ilikuwa na nusu tatu za unyoya kila mmoja, zimegandishwa kwa lami ya mti na kufungwa kwa uzi mwembamba uliozungushwa mara nyingi. Sasa sikiza. Wataalamu waliochunguza ule uzi ulivyozungushwa walisema mishale hiyo haikufungwa na mtu mmoja: mmoja ulifungwa na mtu wa mkono wa kulia, mwingine na mashoto.

Nilikaa na hiyo habari siku nzima. Miaka elfu tano iliyopita, mtu mmoja wa mkono wangu alikaa mahali fulani, labda karibu na moto, akazungusha uzi kwa upande uliomjia kawaida. Hakuna aliyempokonya kazi. Na Ötzi akabeba mishale yote miwili kwa podo moja, akiwa na nia ya kuipiga yote kwa upinde mmoja na mkono uleule. Yeye mwenyewe aliuawa kwa mshale. Ncha yake ya jiwe ilionekana kwenye picha za eksirei mwaka wa 2001, imekwama kwenye bega lake la kushoto. Samahani, hilo halihusiani sana na hoja yangu, lakini singeweza kulipita.

Twende Uingereza. Hapa ndipo manyoya yaligeuka kuwa siasa. Mwaka wa 1415 wapiga mishale wa mfalme Henry wa Tano waliwashinda Wafaransa pale Agincourt. Miaka miwili baadaye, 1417, mfalme huyo akatoa amri kwamba kila bata bukini atoe manyoya sita ya bawa kwa ajili ya mishale ya jeshi. Fikiria wewe ni mkulima, afisa wa mfalme anabisha mlango, hataki pesa, anataka manyoya ya ndege wako. Na ndege ana mabawa mawili, kwa hivyo yale magunia yalikuwa na manyoya ya kushoto na ya kulia. Kazi ya fundi ilikuwa kuyatenganisha: haya ya mshale huu, yale ya mshale ule. Jeshi halikuwa na anasa ya kutupa nusu ya manyoya eti kwa sababu wanajeshi wengi wanavuta na kulia. Maelfu ya mishale ilizunguka huku, maelfu ikazunguka kule, na yote ilikuwa inaua tu.

Meli ya vita ya Mary Rose, iliyozama mwaka wa 1545 na kuinuliwa kutoka baharini mwaka wa 1982, ilikutwa na mishale zaidi ya 3,500 na pinde 137 nzima. Zile pinde zilihitaji nguvu ya kuvuta inayokaribia kuinua gunia la simiti, zingine zaidi ya hapo. Mwaka uleule meli ilipozama, Roger Ascham, ambaye baadaye alikuwa mwalimu wa malkia Elizabeth wa Kwanza, alichapisha kitabu kizima kuhusu kupiga mishale, Toxophilus, na humo aliusifu unyoya wa bata bukini kuliko wa ndege wengine wote. Mtu anaandika sifa za bata kwa mfalme, na anafaulu. Sisi huku tukiandika posti moja kuhusu mishale tunaulizwa kama tumekosa kazi.

Wale mnaoenda kanisani mtakuwa mmeshaanza kufikiria kabila la Benyamini. Ni kweli. Jina Benyamini lenyewe maana yake ni mwana wa mkono wa kulia, halafu kabila hilohilo ndilo linalojulikana kwa mashoto wake: Ehudi aliyemuua mfalme mnene Egloni, na wale mia saba wa kombeo katika kitabu cha Waamuzi. Wengi husimamia hapo. Lakini kuna wengine ambao mimi nawapenda zaidi, kwa kitabu cha kwanza cha Nyakati, mlango wa 12: Wabenyamini waliojiunga na Daudi kule Siklagi, watu wa upinde, ambao waliweza kurusha mawe na mishale kwa mkono wa kulia na wa kushoto pia. Hakuna mahali imeandikwa walibeba mapodo mawili, la huku na la huku. Na wewe fikiria tu kama fundi: mtu anayebadilisha mikono katikati ya vita hana muda wa kuchagua mshale wa bawa gani.

Ushahidi ulionimaliza kabisa, ule uliofanya nifunge kompyuta nitembee nje kidogo, unatoka Japani.

Kule kuna upigaji upinde wa jadi unaoitwa kyudo. Mishale yao huenda kwa jozi, mmoja wa kwanza na mmoja wa pili. Wa kwanza huitwa haya, wa pili otoya. Haya huwa na manyoya ya kuuzungusha upande wa saa, na otoya huwa na manyoya ya kuuzungusha kinyume. Mpigaji anasimama, anapiga haya, kisha otoya. Mkono uleule, upinde uleule, pumzi ileile. Mmoja unazunguka kulia, mwingine kushoto, na yote miwili inatarajiwa ipige pale pale. Kama mzunguko ungekuwa unachagua mkono wa mtu, basi kila Mjapani wa kyudo angekuwa anapata mshale mmoja na kukosa mmoja, karne baada ya karne, na wangekuwa wameshaona.

Sasa msinipigie makofi bado, kwa sababu Japani hiyohiyo ina upande wa pili wa hadithi. Kwenye kyudo kila mtu hushika upinde na mkono wa kushoto na kuvuta na wa kulia, hata kama wewe ni mashoto. Yaani mshale wanauruhusu kuzunguka upande wowote, lakini mtu lazima asimame upande mmoja. Wenyewe wana sababu zao, ni sanaa yenye taratibu nyingi na watu wanasimama kwa mstari. Lakini ona ilivyo ajabu: sheria ya mkono haikutoka kwa hewa. Ilitoka kwa watu.

Na hapa narudi nyumbani, kwa sababu lugha yetu nayo haijatuonea huruma. Kulia ni mkono wa kulia chakula. Waswahili wa zamani waliuita pia mkono wa kuume, yaani wa kiume, na kushoto ukaitwa mkono wa kike, kwa dharau mbili kwa neno moja. Mimi nikasema wacha nimpigie susu simu Kitui, maana babu, mume wake, alikuwa na podo lililoning'inia ukutani mpaka alipofariki.

"Susu, babu alikuwa anavuta upinde na mkono gani?"

Akanyamaza kidogo. Halafu akacheka. "Si ni huo wako. Ulidhani umeutoa wapi?"

Mimi sikujua! Maisha yangu yote nilimwona babu akila na kulia, akisalimia na kulia, akipokea chai na kulia. Susu akanieleza kwamba walimfunza hivyo akiwa mtoto, kwa nguvu, lakini upinde haukuwa jambo la meza. Akiwa kwa upinde alivuta na kushoto na hakuna mtu aliyethubutu kumwambia kitu, kwa sababu alikuwa anapata. Nikamuuliza kuhusu manyoya. Akasema babu alikuwa akiyapanga mafungu mawili kwa mkeka, ya bawa hili na ya bawa lile, na mtoto akipita akiyachanganya anaona moto. "Lakini alitumia yote," akasema. "Nani alikuwa na ndege wa kutupa nusu?"

Sentensi hiyo moja ya susu ni kama ile amri ya mfalme Henry ikisomwa kinyumenyume.

Nchi hii ina historia nzito ya upinde, hata kama shuleni tulipewa aya moja tu. Waata wa eneo la Tsavo, ambao vitabu vya wakoloni viliwaita Waliangulu, walikuwa wakiangusha ndovu kwa mishale yenye sumu, na pinde zao zilipopimwa zilikuwa za nguvu inayolingana na zile za Mary Rose. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwasaka na kuwafunga kama majangili kwenye ardhi ambayo baba zao walikuwa wakiwinda. Hiyo ni posti ya siku nyingine, na nitaiandika nikiwa nimetulia. Pia mwaka wa 2016 huko Rio, bendera ya Kenya kwenye Olimpiki ilibebwa na mpiga mishale, Shehzana Anwar. Uliza marafiki zako wangapi wanajua hilo.

Haya, sayansi. Nitakuwa mfupi.

Miaka ya 1930 Mmarekani mmoja, Clarence Hickman, mhandisi aliyependa upinde kupita kiasi, alianza kupiga filamu za mwendo kasi sana za mshale ukitoka kwenye uzi. Kilichoonekana ni kwamba mshale hautoki ukiwa umenyooka. Unajipinda kama nyoka, unauzunguka ubao wa upinde, halafu unajinyoosha njiani. Na wakati huo wote, mshale ukiwa bado unapita kando ya upinde, haujapata nafasi ya kujizungusha sana. Mzunguko mwingi huja baadaye, hewa ikishashika manyoya. Maana yake ni kwamba ile hofu ya manyoya kugonga upinde kwa sababu yanazungukia upande mbaya haina mguu wa kusimamia. Yakigonga, ni kwa sababu nyingine.

Na mzunguko wenyewe unasaidia nini? Watu hudhani ni kama risasi, ambayo bila kuzunguka inapinduka. Mshale si hivyo. Mshale unanyooshwa hasa na manyoya kuvutwa na hewa kule nyuma, kama mkia wa tiara. Kuzunguka kunaongeza kitu kingine: kama mshale umepinda kidogo au una uzito zaidi upande mmoja, kuzunguka kunagawanya lile kosa pande zote badala ya kuliacha livute mshale upande mmoja tu. Gharama yake ni kasi. Ukizidisha mzunguko, mshale unachoka haraka.

Kuna jambo moja la haki kwa upande ule mwingine. Kwa pinde za kisasa, watu hupiga mshale usio na manyoya kutoka karibu, wameweka alama kwa mkia, na wanaona umeshaanza kujigeuza kidogo upande fulani. Wengine huweka manyoya yao yafuate upande huo. Lakini upande huo kwa kawaida unatokana na jinsi uzi wa upinde ulivyosokotwa. Badilisha uzi, unaweza kubadilika. Mkono wako haujaulizwa.

Sasa mashoto anahitaji nini hasa? Anahitaji upinde wake. Upinde wa kisasa umekatwa dirisha upande mmoja, ndani yake kuna kijikalio cha mshale. Ule wa mtu wa kulia umekatwa upande ambao mashoto hawezi kuutumia. Mshale unakaa nje ya kikalio, unaanguka, au unagonga ubao. Pia ule unyoya mmoja wenye rangi tofauti unatakiwa utazame mbali na ubao, kwa hivyo kwa mashoto unatazama upande wa pili. Na kuna suala la jicho: wapo watu wa mkono wa kulia ambao jicho lao lenye nguvu ni la kushoto, na hao wanateseka kimyakimya wakidhani hawana kipaji.

Nikiwa nimefika hapo kwa kusoma, nikakumbuka ile video ya aibu. Nikaifungua kwa mara ya kwanza tangu Desemba. Nikaisimamisha pale ninapookota mshale wa kwanza uliodondoka, nikaivuta picha karibu. Manyoya hayakuwa manyoya. Yalikuwa mapezi matatu ya plastiki, yamegandishwa yamenyooka twaaa, kama rula. Hayana mkunjo, hayana upande, hayana bawa. Hakukuwa na kitu chochote kwa huo mshale kilichojua mimi ni nani. Na kwenye mkono wangu wa kulia unaona wazi dirisha la upinde limekatwa upande usio wangu.

Simlaumu yule jamaa. Alikuwa na pinde sita, zote za kulia, na mteja amesimama mbele yake anaumbuka. Ilibidi aseme kitu, na akasema kile alichoambiwa na mtu aliyeambiwa na mtu.

Wiki mbili zilizopita nilimpata mtu mwenye upinde wa mashoto, mzee kidogo, umekwaruzika, akaniruhusu kuutumia Jumamosi moja kwa uwanja wao. Binamu yangu mdogo alikuja na simu yake tayari, tabasamu masikio kwa masikio. Mshale wa kwanza ulitua kwa duara nyeupe, pembeni kabisa. Wa pili bluu. Wa tatu bluu. Wa nne uligusa njano, nikapiga kelele hadi mbwa wa jirani akaitikia. Wa tano ukapita juu ya kila kitu ukaingia kwa nyasi, na tukautafuta wote wawili, simu ikiwa tochi, mpaka mlinzi akaja kutuambia anafunga geti.